Sanduku la Kapiteni

Ijumaa, 3 Agosti 1990

Balaa! Leo asubuhi Kapiteni kajisaidia juu ya shuka jeupe. Si shuka lolote. Ni lile ambalo binti yetu Kamikazi amelidarizi tangu Pasaka, la kutandika siku wakwe watakapokuja kumposa. Nimeliona kwa macho yangu. Uchafu bado wa moto. Nikaketi chini.

Kapiteni ni paka wangu. Miguu mitatu. Wa nne, wa nyuma, uliliwa na mbwa wa jirani yetu Eustache. Na bado paka huyu ameua panya wengi kuliko paka wote wa mtaa wetu wa Kimisagara wenye miguu kamili. Uani tu ndiko hataki kwenda. Mbwa yuko palepale. Hata mimi nisingekwenda.

Mke wangu Mukankusi hakupiga kelele. Hapo ndipo nilipoogopa. Alisema tu kwamba wakwe wanakuja Jumamosi ya wiki ijayo, na kwamba uchafu mmoja mwingine ndani ya nyumba, mmoja tu, Kapiteni anahamia kwa Eustache. Eustache ana panya katika mtama wake, amemwomba paka huyu mara nyingi. Kwa Eustache! Mbwa amalizie miguu iliyobaki!

Naandika Kiswahili ili Mukankusi asisome. Nilikipata kwenye malori, Mombasa mpaka Bujumbura, nikiwa dereva. Mukankusi husema nilikuwa utingo. Darasa la pili nililimaliza karibu lote. Mtu kama mimi hashindwi na choo cha paka. Kule Bujumbura niliona kwa Mzungu mmoja: paka ana sanduku lake ndani, lina mchanga, anaingia, anatoka, nyumba safi. Kimisagara nzima hakuna mwenye akili hii. Ni mimi tu.

Jumamosi, 4 Agosti

Umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Watu wote wamekwenda kuzibua mtaro. Nilimwambia responsabule, mkuu wa mtaa wetu, kwamba mgongo unauma. Akasema mgongo wangu hauumi siku nyingine, ni Jumamosi tu. Mtu mwenye kazi ya akili habishani.

Nikachukua beseni la Mukankusi la kufulia. Nikatia mchanga. Nikamwita Kapiteni. Akaja vizuri kama askari, akaweka miguu ya mbele kwenye ukingo, akajisukuma kwa ule mmoja wa nyuma. Beseni likapinduka likamfunika!

Nilidhani atatulia. Beseni likaanza kutembea. Likavuka sebule. Likatoka mlangoni. Uani akawa anaingia jirani yetu Mukabalisa na sahani ya kuazima. Aliona beseni linamjia peke yake, halina mtu. Alikimbia akaacha ndala moja. Mpaka sasa hajaifuata.

Humo ndani ya beseni Kapiteni alifanya mambo yake, kwa hofu. Mukankusi alifikiri kidogo akasema haihesabiwi, maana ilikuwa uani. Mwanamke wa haki. Lakini beseni amelitupa, na jina aliloniita siliandiki.

Jumatatu, 6 Agosti

Nimeelewa kosa. Si langu, ni la beseni. Paka wa miguu mitatu anataka kitu kizito, kisichopinduka, chenye nafasi ya kugeuka. Mbao.

Nimekwenda kwa Clovis, fundi seremala wa kule bondeni. Sikumwambia ni la paka. Angecheka, na kicheko cha Clovis husikika mpaka Nyamirambo. Nilimwonyesha kwa mikono tu: urefu hivi, kimo hivi. Mbao nzuri, zipigwe randa, asiumie. Mfuniko unaofunga barabara, kwa sababu ya harufu. Kamba mbili za kubebea. Na haraka, nikasema, maana Jumamosi nina wageni, na katika hali hii hatuwezi kukaa.

Clovis aliweka msumeno chini, akavua kofia, akanishika mkono kwa mikono miwili. Akasema ataacha meza ya watu na kabati la watu, aanze langu. Bei akapunguza mwenyewe!

Nimeshangaa njia nzima. Sikujua naheshimiwa kiasi hiki.

Mpaka liwe tayari namsindikiza Kapiteni uani mimi mwenyewe, na fimbo. Mbwa anatutazama kwenye tundu la ua. Juu ya mbwa, Eustache naye anatazama.

Jumanne, 7 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Sanduku zuri! Jeupe, laini. Clovis kaongeza na karatasi ya maua pembeni, bila kuombwa. Nikalibeba kichwani saa sita mchana, nikapita katikati ya barabara ili waone. Wakaona. Mwenye baiskeli alishuka. Wanaume wakavua kofia. Mama mmoja wa nyanya akafanya ishara ya msalaba, akafunika nyanya zake kwa kitenge. Nikawapungia mkono. Hakuna aliyenipungia.

Mukankusi alikuwa kwa dada yake, kule Gisimenti, kuazima glasi, na Kamikazi alikwenda naye. Sijatua hata sanduku vizuri, wakaanza kuingia. Mukabalisa wa kwanza, ndala moja mguuni, analia. Kisha wengine. Wakaketi kwenye mikeka, wakanyamaza. Mwingine akawasha moto uani, kama watu wanavyowasha moto wa matanga.

Moto wa matanga!

Hapo ndipo nilipolitazama sanduku. Fupi. Jeupe. Lina kamba. Lina maua.

Kwetu hakuna anayeuliza jina la mtoto aliyefariki. Unaketi, unanyamaza, basi. Mukabalisa alisema tu kwa sauti ndogo kwamba yule mjukuu wangu wa Gitarama hata hakupata kumwona. Mjukuu wangu wa Gitarama ni mzima, ana meno manne. Nikafungua kinywa kusema. Nasema kweli, nilikifungua.

Akaingia Eustache. Kofia mkononi. Na mtungi mzima wa pombe ya ndizi! Huyu ni Eustache ambaye hajawahi kunipa hata maji. Aliinama mbele yangu akaniita kaka yake. Akasema ule ugomvi wetu wa mtaro unaopita kati ya nyumba zetu umekwisha, alikuwa na makosa yeye. Mbele ya watu! Miaka yote nimesubiri neno hilo.

Nikakifunga kinywa.

Pombe ilikuwa nzuri. Niliwaambia nataka kukaa peke yangu, wakaondoka kabla Mukankusi hajarudi. Mtungi nimeuficha nyuma ya kuni.

Jumatano, 8 Agosti

Kapiteni hawezi kupanda sanduku. Kuta ziko juu mno. Nikamwinua, nikamtia. Akaingia, akalia, hawezi kutoka. Nikaweka ngazi ya vijiti. Akaipanda mpaka katikati akaanguka. Nikaivunja.

Mukankusi akaniuliza kwa nini majirani wanamshika mkono barabarani bila kusema kitu. Nikamwambia ni furaha ya posa.

Mfuniko nimeuegemeza ukutani, hauna kazi. Mukankusi ameuchukua wa kuzolea majivu ya jikoni. Asiharibu mali yangu!

Alhamisi, 9 Agosti

Nimekwisha!

Amekuja mjumbe kutoka Nyamirambo kwa mzee Kagabo, baba wa yule kijana. Mwenye mvi, mpole, fimbo mkononi. Hakutaka hata kuketi. Akasema wamesikia. Akasema Kagabo anatupa pole sana, na kwamba nyumba iliyo katika msiba haiombwi binti. Watasubiri mpaka tumalize matanga. Mwakani, Mungu akipenda.

Kamikazi aliangusha glasi ya kuazima. Aliingia chumbani, tukamsikia analia kwa kukatakata kama mtu mwenye kwikwi.

Mukankusi alimsindikiza mjumbe mpaka njiani, kwa adabu. Akarudi. Akalitazama sanduku. Akaenda moja kwa moja nyuma ya kuni akatoka na mtungi. Sijui alijuaje.

Nikamweleza kila kitu. Kosa la Clovis, kosa la Mukabalisa, kosa la Eustache na mtungi wake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, na haya ndiyo maneno yake: "Baba Kamikazi, kesho unakwenda mwenyewe kwa Kagabo. Unamwambia aliyekufa ni nani."

Ijumaa, 10 Agosti

Nimetumia akili. Mtu akisema tu kwamba hakuna aliyekufa, nani atamwamini? Lazima ushahidi. Nikamtia Kapiteni ndani ya sanduku, nikamwaga majivu ya mfuniko, nikaufunga, nikaweka kichwani, nikapanda Nyamirambo.

Tena kofia. Tena misalaba. Mara hii wakanifuata, maana ni vibaya mtu kwenda kuzika peke yake. Tulipofika kwenye mteremko walikuwa nyuma yangu wengi, na katekista mmoja mbele yao ameanza wimbo. Nikaongeza mwendo. Na wao wakaongeza.

Kapiteni akasikia wimbo. Akalia kutoka ndani.

Wimbo ukakatika.

Akalia tena, kwa nguvu, na mfuniko ukainuka juu ya kichwa changu. Mama yangu! Sijawahi kuona watu wakikimbia vile, na mimi nimeona lori likikosa breki. Baiskeli ilibaki njiani na ndizi zake. Mtu mmoja alipanda juu ya paa la duka, sijui kwa njia gani. Katekista peke yake hakukimbia. Alipiga magoti akaniomba nimsamehe.

Nilipofika kwa Kagabo habari ilikuwa imenitangulia. Alisimama mlangoni, mke wake nyuma yake kamshika shati. Nikatua sanduku. Nikafungua. Nikamtoa Kapiteni, akachechemea kwa miguu yake mitatu, akaketi juu ya kiatu cha Kagabo.

Nikasema ndiye huyu, na hili ni choo chake.

Mabega ya Kagabo yakaanza kutikisika. Nilidhani ni hasira. Alilazimika kushika mlango. Akasema watakuja kesho, hata mvua ya mawe inyeshe, maana binti aliyelelewa na baba kama mimi akatoka salama, huyo haogopi kitu.

Nimelichukua kama sifa.

Jumamosi, 11 Agosti

Gusaba, siku ya posa. Wamekuja. Shuka jeupe limefuliwa, halina hata alama. Sisi upande huu, wao upande ule.

Baba hajisemei, ndiyo desturi, ana msemaji wake. Mukankusi kamchagua nani? Eustache! Kumtuliza, kwa sababu ya mtungi wake. Nikameza. Alikuwa anaeleza kwa nini binti yetu ni ghali, maneno mengi, mikono hewani, wakati Kapiteni alipoingia.

Nikamwona anazunguka. Nilijua mzunguko ule. Mukankusi alijua. Eustache naye alijua, akaacha hotuba katikati akamtazama kama mtu anayetazama mali yake. Kapiteni akaliendea shuka. Akalinusa. Kamikazi akafumba macho.

Akalipita! Akaenda nyuma ya mlango. Pale Mukankusi alikuwa ameacha mfuniko, umejaa majivu tena. Ukingo wake kidole kimoja tu. Akaingia bila kuruka, akasimama sawasawa juu ya mitatu, akafanya kazi yake mbele ya wazee wote. Akafukia. Akafukia vizuri. Akaenda zake.

Wazee wote wakamtazama Kagabo.

Kagabo akasimama, ingawa naye ana msemaji wake. "Nyumbani kwangu nina wana wenye miguu miwili," akasema, "na hakuna anayefukia hivyo. Mtupe binti wa nyumba hii. Hatuendi kutafuta kwingine."

Walicheka mpaka pombe ikamwagika. Kamikazi akafumbua macho. Tukawapa. Wakanivalisha suti ya baba mkwe, nyeusi, mpya, ina vifungo vya ndani.

Kapiteni anabaki. Na niandike wazi: mfuniko ulikuwa mpango wangu tangu mwanzo. Nani aliagiza mfuniko? Mimi.

Jumatatu, 13 Agosti

Harusi ni Desemba na suti haina pa kukaa. Mukankusi anasema niikunje. Suti kama hii haikunjwi, inalala.

Nimekwenda tena kwa Clovis. Mara hii sikuficha kitu, nimejifunza. Nilimwambia kabisa ni kwa ajili ya suti. Italala chali, imenyooka, mikono pembeni. Urefu wangu mwenyewe, upana wa mabega. Nikasimama ukutani akanipima. Mbao nzuri, mfuniko, kamba nne, na yale maua yake yasikosekane.

Akachomeka penseli sikioni. Kisha akaniuliza, polepole, kama Mama Kamikazi anajua.

Nikamwambia hapana. Nataka kumshtua.

Clovis akageuka akajifuta macho, eti ni vumbi la mbao. Akasema ataacha kazi zote za watu. Na bei atapunguza tena! Heshima ya mtu haifichiki. Alhamisi saa sita mchana nitalibeba mwenyewe, nimevaa suti, katikati ya barabara. Waone.