Gari Lenye Adabu

Jumatatu, 3 Machi

Mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu, amenunua gari jipya. Kalileta tulione. Linaongea! Ukikaa tu, sauti ya mwanamke inakuomba ufunge mkanda. Mwanyumba akajifanya hasikii, ili mwanamke arudie.

Jumamosi mama mkwe anakwenda kumwona mdogo wake, ambaye hawajaonana tangu miguu ianze kumsumbua. Ametangaza kwamba atapanda gari lisilomuumiza mgongo. Mwanyumba akalitazama gari langu, akauliza kwa upole kama mkweche huo bado unatembea au nimeuweka kwa ajili ya kuku.

Sina kuku.

Nikatamka mbele ya wote kwamba ikifika Jumamosi gari langu halitakuwa na tofauti na jipya. Usiache mbachao kwa msala upitao! Mke wangu akauliza, jipya la mwaka gani. Mtu mwenye mipango hajibu kila swali.

Jumanne, 4 Machi

Kazi imeanza. Kiti cha abiria wa mbele kilikuwa tatizo: spring moja ilishachungulia nje, na abiria huwa anaijua kabla hajanijua mimi. Suluhisho lilikuwepo sebuleni muda wote. Sponji ya kochi! Nene, imara, haina kazi mchana. Nikaikata kwa kisu cha jikoni, nikaipachika, nikashona juu kitambaa kimoja cha kunyolea wateja pale saluni kwangu, kile cheusi. Kiti cha enzi kabisa. Nilipokikalia, kichwa kiligonga paa, lakini mama mkwe ni mfupi.

Jioni mke wangu alirudi kazini amechoka, akajitupa kwenye kochi. Akafika hadi kwenye mbao.

Nimemwambia kochi liko kwenye ukarabati. Akauliza nani anakarabati. Nikaenda kuoga.

Jumatano, 5 Machi

Kioo cha pembeni upande wa kushoto kilivunjika zamani, nami nilishazoea kuendesha kwa kuhisi. Leo nimeondoa hali hiyo. Pale saluni kwangu ninacho kile kioo cha mkono cha kumwonyesha mteja kisogo chake. Gundi, waya, basi! Sasa naona mtaa mzima, pamoja na mtu aliyekaa dirishani ghorofani anakata kucha.

Tatizo dogo. Mwalimu wa hesabu alikuja kunyolewa, nilipomaliza akataka kuona kisogo. Nikamweleza kwa maneno. Nikamwambia ni safi, kimenyooka, kimetulia. Akapapasa kwa mkono, akanitazama. Akatoka nje na kitambaa shingoni, akainama kwenye gari langu, akageuza shingo huku na huku mpaka akajiona. Wapita njia walisimama. Akarudi, akakaa, akasema upande mmoja nywele zina ngazi.

Nikairekebisha ngazi. Kisha akaenda tena kwenye gari kuhakikisha.

Alhamisi, 6 Machi

Siku kubwa. Gari langu litaongea!

Nilimwomba mke wangu anirekodie maneno matamu kidogo. Akasema sauti yake iko kwenye ukarabati. Basi nikarekodi mwenyewe, kwa sauti laini ninayoitumia kwa wateja wanaokuja na watoto wanaolia: Mama, tafadhali funga mkanda. Nikaiweka kwenye simu yangu ya zamani, simu nikaiunganisha na umeme wa gari, nikaibandika nyuma ya dashibodi kwa gundi ile ile.

Nikawasha. Ikasema! Nusura nitoe machozi. Ikasema tena. Ikasema tena. Nimegundua kwamba haina mpango wa kunyamaza, na gundi imeshakauka.

Halafu, sijui waya upi na upi, ila sasa nikikanyaga breki, honi inalia. Jirani yetu Spana, ambaye ni fundi magari, alikuwa akila chakula chake kibarazani. Nilisimama mbele ya nyumba yake, honi ikalia, na sauti yangu ikamwita mama na kumwomba afunge mkanda. Akaweka sahani chini. Alicheka mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi akajitolea kunisaidia. Nikamwambia ahsante, nimekusudia iwe hivyo.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu alikagua gari asubuhi. Akavuta mkanda wa mbele. Haukuja. Akauvuta kwa mikono miwili. Haukuja. Ndani ya gari mimi nilikuwa naendelea kumwomba mama aufunge.

Mke wangu hakucheka. Alisema nifanye vituko vyote ninavyotaka, kochi nitalilipa, lakini mama yake hapandi gari lisilo na mkanda, na yeye mwenyewe atamwambia apande la mwanyumba. Alisema polepole, bila kunitazama. Kusema kweli sikuwa nimeufikiria mkanda wenyewe. Niliufikiria kwa sauti tu.

Nikaenda kwa Spana kwa unyenyekevu mkubwa. Kinyozi hajinyoi. Akaweka mkanda mwingine mzima, imara, akaujaribu kwa kuning'inia. Akataka kushughulikia na honi, lakini giza lilikuwa linaingia, tukaiacha.

Mke wangu ameuvuta, ameridhika. Nimemwambia haikuwa kazi ngumu. Sikutaja nani aliyeifanya, na yeye hakuuliza.

Jumamosi, 8 Machi

USHINDI!

Niuandike kwa utaratibu. Tulifika kwa mama mkwe, mwanyumba ameshatangulia, gari linang'aa kama jino la bandia. Akamfungulia mlango. Mama mkwe akaingia, akazama. Gari lile liko chini mno. Magoti yakamfika kidevuni. Akasema, "Mwanangu, umeniweka shimoni." Tulimtoa wawili, mmoja kila mkono.

Kisha akapanda kwangu. Hakuinama wala hakujiinua, alikaa tu kama mtu anayekaa kitandani. Akatazama mbele, akatazama pembeni, akasema anaona mpaka ndani ya kuta za watu. Nikamtazama mwanyumba. Alikuwa anafuta tairi.

Tukaondoka. Sauti ikasema: Mama, tafadhali funga mkanda.

"Nimefunga, baba," akajibu.

Ikamwomba tena. Akajibu tena. Njia nzima! Hakuchoka hata mara moja. Na kila nikikanyaga breki honi inalia, watu wanageuka, mama mkwe anawapungia mkono, nao wanampungia. Mke wangu nyuma alikuwa amefunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Nilidhani analia.

Katikati ya safari mama mkwe aliuliza huyu kijana wa kwenye sauti anayemjali hivi ni nani. Nikasema kwa fahari, "Ni mimi, mama."

Akatafakari. "Hapana," akasema. "Huyu ana adabu."

Tulipokaribia nyumba ya mdogo wake nilikanyaga breki kwenye kila tuta, na yako mengi. Mdogo mtu alitusikia kabla hatujaonekana. Alitoka na ndala moja, akaja hadi katikati ya barabara. Walikumbatiana mlango wa gari ukiwa wazi, wakaulizana habari bila kusubiri majibu, wakashikana nyuso. Mimi nilisimama na funguo mkononi. Kioo cha kushoto kikaanguka, sikuhangaika kukiokota.

Jumapili, 9 Machi

Nimeamka mtu mwingine. Mwanyumba amepiga simu kuuliza, kwa sauti ya chini, ile sponji ni ya aina gani. Nikamwambia ni siri ya kiwandani.

Mke wangu amekunywa chai kwenye kiti cha jikoni. Ameniuliza kwa utulivu kama wiki hii imenifundisha jambo. Nikasema mengi sana. Akaomba moja. Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia mama mkwe alipopiga simu: lango lake la chuma limekuwa zito, kulisukuma kunamtesa mabega, je, ninafahamu fundi?

Fundi! Nimemwambia asihangaike, ampe mkwewe siku chache tu, lango litajifungua lenyewe. Nimeshafungua feni ya dari pale saluni. Wateja watajipepea. Lango na feni vina tofauti gani? Vyote huzunguka.