Runinga Inaumwa

Jumatatu, 3 Juni
Aibu! Mwalimu wa chekechea kaniita. Cheche, binti yangu, kapanda juu ya meza, kajitangaza bingwa wa mieleka, kamrukia mwenzake. Mwenzake kavimba mdomo. Mwalimu akauliza kama mtoto anatazama sana runinga. Nikasema kidogo tu. Cheche akanikodolea macho.

Sasa nifanyeje? Mama yake yuko zamu hospitalini, mimi nina cherehani na rundo la sare za watu. Bila runinga, nani atanishikia mtoto?

Jumanne, 4 Juni
Nimepata! Mieleka marufuku. Nimemwekea tamthilia ya mapenzi, humo hakuna ngumi. Katulia tuli. Nimeshona kwa raha zangu mpaka jioni. Nina akili mimi!

Jumatano, 5 Juni
Dada yangu kaja kutusalimia. Cheche kamwamkia shikamoo, vizuri kabisa. Kisha kammwagia glasi ya maji usoni. "Muache mume wangu!" Dada kaondoka kalowa, hata kuaga hakuaga. Mke wangu akataka kujua nani kamfungulia mtoto tamthilia. Nikajitia natafuta sindano.

Alhamisi, 6 Juni
Mbinu mpya. Nimemwambia Cheche runinga inaumwa, iachwe ipumzike. Kaamini! Nikaingia chumbani kupiga pasi. Kutoka, nakuta kaifunika blanketi, anainywesha dawa ya kikohozi kupitia matundu ya nyuma. Chupa nzima! Fundi wa runinga kaifungua, kainusa, kanipa pole kama mfiwa.

Ijumaa, 7 Juni
Nilijiandaa kwa vilio. Wapi! Cheche kakaa chini ya meza yangu anaokota vipande vya kitambaa, anauliza kila kitu. Tumemshonea mdoli gauni. Nikamsimulia mambo ya nilipokuwa mdogo. Akashangaa: "Kumbe baba una hadithi!" Nikashindwa kutunga uzi. Macho yalinijaa machozi, basi tu. Mke wangu karudi hoi, katukuta tunacheka, kakaa nasi sakafuni na viatu vyake vya kazini.

Jumamosi, 8 Juni
Cheche kaniomba mwenyewe nimpeleke kwa shangazi yake. Kampigia magoti, kamwomba msamaha. Dada kamkumbatia, wote wakalia. Mtoto kabadilika! Lazima apewe zawadi. Nimepita kwa muuza vyombo vya umeme, tumeelewana. Runinga mpya, inakaribia kuujaza ukuta. Inaletwa kesho. Mke wangu hajui bado, atafurahi.

Safari hii ni katuni tu. Katuni zina ubaya gani?