Fremu ya Jakaranda

Jumatatu, 5 Februari 1996
Siku ya heshima. MG ya mwaka 1952, gari la Kiingereza, imeingia uani kwetu Buruburu ikivutwa kwa kamba. Viti viwili, haina paa, nyekundu pale rangi ilipobaki. Datsun yetu nimemuuzia jirani yangu Wachira, aliyeichukua huku akicheka. Acheke! Nilimweleza kwamba taifa linaloogopa mashine kuukuu bado halijajitawala. Akauliza kama kujitawala kunapanda mlima.

Mke wangu Nzembi hakucheka. Jumapili tarehe 18 anasimikwa kuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, jambo alilolingoja miaka kumi na mmoja. Ana sharti moja: "Baba Kavinya, unifikishe kwa wakati na nguo safi. La sivyo gari hilo litoke uani." Nimekubali. Sharti jepesi mno.

Jumatano, 7 Februari
Pigo. Bodi ya gari hili ni bati lililopigiliwa juu ya fremu ya mbao, na mchwa wameila fremu yote. Mlango ulibaki mkononi mwangu. Wachira, ukutani kwake, akauliza kama nimeanza kuuza kuni.

Nikaenda Ziwani kwa Ndete, mchonga vinyago, mtu wa kwetu. Fundi wa twiga na vifaru. Atachonga fremu mpya kwa jakaranda iliyokatwa juzi. Wao huchonga mti ungali mbichi kwa kuwa ni laini. Ila kazi ikiisha, akasema, ikae kivulini miezi mitatu, ama itajikunja. Miezi mitatu! Nilimhutubia nusu saa juu ya uzembe kama silaha ya mkoloni. Akaendelea kupiga tezo. Mwishowe akasema haya, mzee, wewe ndiye umesoma.

Jumanne, 13 Februari
Ushindi! Fremu imekaa sawasawa, injini inanguruma. Mlango wa abiria una kichwa cha twiga upande wa ndani. Ndete anasema mkono umezoea, ulichonga wenyewe.

Nimeendesha hadi kiwanda cha uchapaji, Industrial Area, ninakosahihisha makosa ya wengine. Jogoo Road, utingo mmoja akanipigia kelele: "Buda, hiyo karai unaenda kuoga wapi?" Nimemwandikia jibu, kurasa mbili. Nikikutana naye tena nitampa.

Ijumaa, 16 Februari
Jua kali wiki nzima. Mlango wangu umekataa kufunguka. Nikaruka juu yake, kama wafanyavyo madereva mashuhuri. Suruali imepasuka. Wachira akaomba nirudie, kwa kuwa mkewe hakuona.

Mlango wa Nzembi unafunguka, ila kwa kilio. Nimeupaka mafuta ya kupikia. Sijamwambia. Mtu hasumbuliwi na mambo madogo kabla ya siku yake kubwa.

Jumapili, 18 Februari
Tumefika saa tatu kasorobo. Gauni jeupe, kitambaa cheupe, wala tone la oili. Nikaruka nje, nikazunguka kumfungulia. Mlango haukufunguka. Nikavuta. Wazee wa kanisa wakavuta. Nzembi akasukuma kwa ndani. Shingo ya twiga ikamvunjikia mkononi.

Wachira, aliyetufuata kwa Datsun, akashauri abebwe. Nzembi akasema hakuna mwanamume atakayemwinua miguu juu mbele ya Askofu. Kengele ikalia. Nikaanza kuwaeleza waumini tabia ya mbao katika joto. "Nyamaza, Baba Kavinya."

Askofu akatoka, kwaya nyuma yake. Akamsimika papo hapo, ndani ya gari. Nzembi alikula kiapo akitazama mbele, kama abiria, kichwa cha twiga mapajani. Machozi yalimtoka. Sikuuliza ni ya aina gani.

Baadaye Ndete aliletwa, patasi mkononi, akang'oa bawaba. Hakunilaumu hata kidogo. Jambo la kuudhi sana. Nzembi amerudi nyumbani kwa Datsun, kando ya mke wa Wachira.

Jumatatu, 19 Februari
Nzembi amesema gari litoke. Nikamkumbusha sharti. Kufika kwa wakati: alifika. Nguo safi: zilikuwa safi. Kushuka hakukutajwa.

Nzembi akasema katika miaka ishirini na miwili hajawahi kuniona nikishindwa katika mabishano, wala nikishinda katika kitu kingine chochote. Litoke.

Limetoka. Liko nje ya geti, hatua mbili. Sharti halikutaja hatua.

Kosa, bila shaka, ni la jakaranda: mti wa kigeni, ulioletwa kupamba barabara za wakubwa. Safari hii ni muhugu, mti wetu. Ndete amepata gogo, bado linatoa maji. Anataka miezi mitatu. Nimempa siku kumi, maana Jumapili tarehe 3 Machi Nzembi anaongoza ibada yake ya kwanza, na siwezi kumwacha aende kwa Datsun.

Nimemwagiza pia achonge twiga mwenye shingo nene zaidi. Mama apate pa kushika.