Nyota Mbili kwa Damu ya Ghorofa ya Kumi

Jumatano, 2 Oktoba

Wahakiki wameiona filamu yangu, Damu ya Ghorofa ya Kumi, asubuhi, ukumbini Soho. Majambazi wa mtaa wa Peckham, bunduki, muziki wa kufokafoka mwanzo mwisho. Sinema ya kwetu imenipa wiki moja kuanzia Ijumaa. Wiki ya pili itaamuliwa Jumatatu na meneja, Maureen. Nahitaji nyota nne za wahakiki.

Mbinu: mhakiki aliyeshiba haandiki mabaya. Anti Verlene alipika kuku wa pilipili. Philippa Garside, mkali kuliko wote, alikula mapaja mawili, kisha akajipangusa jicho kwa kidole kilekile. Akakimbilia maji. Dakika ishirini za mwisho hakuziona! Alirudi macho mekundu, machozi tele.

Mhakiki kalia. Dalili njema.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nimekutana na Craig Hollis kwa kinyozi. Filamu yake ya mbwa aliyepotea itaonyeshwa ukumbi wa pili, mlango kwa mlango na wangu. Aliniuliza kama ni kweli polisi wangu wanamsomea mtu haki zake kwa vina. Nikasema ndiyo. Akasema basi, kaka, huyo mshtakiwa aachiwe tu, kateseka vya kutosha.

Kinyozi alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Msaliti.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nyota mbili! Philippa ameandika: “Filamu hii ina nguvu ya ajabu ya kumfanya mtu atamani kunyeshewa na mvua, nje, bila koti.” Mbwa kapata nne.

Nikatulia. Saa nne nilikuwa na bango mlangoni pa sinema: “Filamu hii ina nguvu ya ajabu.” Kila mtu hufanya hivyo.

Saa sita Craig alikuwa amemalizia sentensi kwa kalamu nene. Ana mwandiko mzuri, mshenzi yule.

Jumamosi, 5 Oktoba

Watazamaji kumi na mmoja. Mmoja kalala.

Mbinu mpya: akina mama wa kanisa la Anti. Nimekodi basi, viti hamsini na mbili, kwa onyesho la kesho saa nane na nusu mchana. Anti akauliza kama najua kesho ni Jumapili gani. Nikamwambia Jumapili ni Jumapili tu. Akanitazama kama alivyonitazama nilipofeli hesabu.

Jumapili, 6 Oktoba

Jumapili ya kwanza ya mwezi. Meza ya Bwana, ibada ndefu! Saa nane na nusu mchungaji ndiyo kwanza anasema “na la mwisho”. Alisema hivyo mara nne.

Basi likafika saa kumi na moja kasoro robo. Yangu ilikuwa imekwisha; iliyokuwa inaanza ni ya mbwa. Nikawasihi wasubiri ya jioni. Anti akasema, “Wewe Lennox, hatukuvaa kofia hizi tuje kusimama barabarani.” Wakaingia wote. Mbwa alipovuka reli waliomba kwa sauti. Alipofika nyumbani waliimba.

Craig alinikumbatia hadharani. Sijawahi kutukanwa vile.

Jumatatu, 7 Oktoba

Maureen ameamua. Mbwa anaongezewa wiki, na anapewa ukumbi wangu pia. Akasema kwa upole kwamba wale akina mama ndio waliompa uhakika. Anti naye kasema ile ya mbwa ina mafundisho.

Sawa. Nimeanza hadithi mpya: mbwa jambazi, anafoka. Philippa atakuwa wa kwanza kualikwa. Nimemwomba Anti kuku walewale, ila aongeze pilipili. Mara ile mhakiki huyo hakulia vya kutosha.