Popote Isipokuwa Nanyamba

Jumapili, 8 Juni

Iddi imepita salama. Nyama imeisha, wageni wameondoka, nimebaki na kiungulia na janga. Janga lenyewe kaliacha shemeji yangu jana, mfupa ukiwa bado mdomoni: baba mkwe anatusubiri Nanyamba likizo hii, watoto wakapunge upepo. Watoto wakapunge upepo! Mimi je? Mwezi wa sita kule watu wanapuliza salfa, ile dawa ya unga, kwenye mikorosho, na mkwe akikuvisha mashine mgongoni huwezi kusema hapana. Mkwe ni mkwe. Mwaka juzi niliivaa, upepo ukageuka, nikapuliza mbuzi wake wawili na bwana mmoja aliyekuwa anajipitia na baiskeli. Nilipiga chafya mpaka Iddi iliyofuata.

Nikamwambia mke wangu, Mwanahamisi, kwamba watoto wa siku hizi wanahitaji likizo ya kisasa. Sabra ana miaka saba, Athumani minne, hawajawahi kwenda popote ila kwa babu yao. Akanitazama. Akasema sawa, nitafute mahali penye kivuli, choo cha maana, na maji yasiyoweza kumzamisha mtoto. Nikipata, tutakwenda Alhamisi. Nisipopata, Ijumaa asubuhi tuko Nanyamba. Nimepumua! Mtu mwenye akili yangu hahitaji hata muda wote huo.

Jumatatu, 9 Juni

Mpango wa kwanza. Safi kabisa. Kuna hoteli huku pwani, jina nalihifadhi, ina bwawa dogo la watoto. Kulala pale siwezi. Lakini mtu anayekagua ukumbi wa harusi hukaribishwa bure, tena hupewa juisi. Nimefunga duka langu la fotokopi, nimevaa suti niliyoolea (kifungo kimoja kimegoma), nimewachukua watoto. Mama yao nimemwambia tunakwenda kutazama mazingira.

Meneja ni dada mmoja mpole, Irene. Kanionyesha ukumbi, viti, mpaka vitambaa vya mapambo. Mimi natikisa kichwa kitajiri. Athumani kaingia bwawani na viatu. Irene akauliza bwana harusi ni nani. Kabla sijafungua kinywa, Sabra akajibu kwamba ni baba. Njiani nilimfundisha aseme kuna harusi, sikumfundisha ya nani! Irene kanipongeza, kaandika namba yangu ya simu. Tumekunywa juisi ya ukwaju, tumerudi watoto wana furaha, mimi nimelowa hadi soksi. Hakuna aliyetushtukia. Alhamdulillahi.

Jumanne, 10 Juni

Irene kapiga simu wakati wa chakula cha mchana. Mimi nanawa mikono, Mwanahamisi kapokea. Dada wa watu, kwa heshima zote, kauliza kama bwana harusi ameshaamua, viti vya dhahabu au vyeupe, na bibi harusi anapenda maua gani.

Wallahi nimeliona kaburi. Mwanahamisi kaweka simu mezani polepole. Kaondoa samaki mbele yangu. Kaniambia nianze na jina lake. Jina la nani? Nikajieleza: suti, bwawa, ukumbi, juisi. Kadiri nilivyosema kweli ndivyo ilivyozidi kunuka uongo. Sabra ndiye aliyeniokoa, kaeleza yote mpaka viatu vya mdogo wake.  Mwanahamisi kaanza kucheka. Kacheka mpaka kashika ukuta. Kasema angepaswa kujua tu, mwanamke gani mwingine atamtaka mwanamume wa suti isiyofunga. Imeniuma. Lakini samaki amerudi mezani, na nimemla mpaka kichwa.

Ila hoteli ndiyo basi tena. Kakataza.

Jumatano, 11 Juni

Mpango wa pili, huu wa kiungwana. Asubuhi nimekwenda ufukwe wa Msimbati kwa bodaboda kukagua. Yarabi! Maji yamekupwa, mchanga mweupe umelala mpaka macho yanachoka, tena mgumu, magari yanapita juu yake. Kuna mivinje ya kivuli. Choo sikukiona, lakini sikukitafuta sana. Mwanahamisi nimemwambia kipo.

Gari nimeazima kwa jirani yetu hapa Rahaleo, Idrisa, ile Noah yake kuukuu. Idrisa ni Mmakonde, mimi Myao wa Masasi, kwa hiyo ni mtani wangu. Mwaka jana tulipomzika mama, alijilaza kwenye kaburi, akasema mwili hauingii mpaka apewe jogoo. Tulimpa, tukacheka huku tunalia. Mtu wa namna hiyo utamwamini? Leo kanikabidhi funguo, uso mkavu kabisa, kasema mwezi umejaa, hizi ni siku za bamvua, maji yakijaa yanakuja mpaka kwenye mivinje, nisiegeshe mchangani hata kwa dawa. Nikamwambia Wayao hatutishwi na ndoo ya maji. Akasema safari hii hana utani. Hapo ndipo nilipojua ni utani.

Alhamisi, 12 Juni

 

Tulifika bahari iko kulee. Nikaegesha katikati ya mchanga ili mama watoto asitembee sana. Tukala wali wa nazi na kuku. Sabra kakimbizana na kaa mpaka kachoka. Hata Mwanahamisi alikuwa anacheka. Nikajiambia, Jafari, umeshinda, salfa utaisikia redioni. Mchana Athumani akasinzia, tukamlaza ndani ya gari, milango wazi apate upepo. Mwanahamisi akaondoka na Sabra kukitafuta kile choo, akaniusia nisimwache mtoto. Nikasema ngoja nijinyooshe kidogo tu kwenye kivuli cha mivinje, gari nitaliona kutoka pale. Nikalala.

Nimeamshwa na kelele za Mwanahamisi. Kumbe maji yamekuja! Hayakubisha hodi. Noah imesimama katikati ya bahari, magurudumu hayaonekani, na mwanangu yumo ndani.

Nilikimbia. Kiatu, kofia, simu, vyote sijui viliangukia wapi. Maji yakanifika mapajani. Nilikuwa namwita Mungu na Athumani kwa pamoja. Nikamkuta kalala vilevile, kidole mdomoni, maji yanaramba kiti. Nikambeba. Akafumbua jicho moja, akauliza kama tumefika. Nikamwambia tumefika, baba. Nikalia mbele za watu, sioni haya.

Watu wa pale, wanaume kwa wanawake, waliingia majini wakalisukuma gari mpaka nchi kavu. Mama mmoja akauliza kama hakuna aliyetuambia habari ya bamvua. Nikasema hakuna.

Idrisa kapigiwa simu na Mwanahamisi, kaja jioni na lori la rafiki yake kutuvuta. Nilisubiri matusi. Hata gari lake hakulitazama. Kamchukua Athumani, kamgeuzageuza, kamhesabu vidole, halafu kasema anadai jogoo. Atapata wawili. Mwanahamisi njia nzima alikuwa kaushika mkono wangu.

Ijumaa, 13 Juni

Nanyamba. Sikubisha.

Kivuli: mikorosho mpaka upeo wa macho. Choo: baba mkwe kajenga kipya, kina mlango na komeo. Maji ya kumzamisha mtoto: hakuna, yenyewe yanaletwa kwa ndoo. Mwanahamisi kanitazama tu, nikatazama pembeni. Watoto wamepotelea kwenye vifaranga na karanga za kuchemsha, hata chakula wanaitwa mara mbili.

Baada ya swala ya Ijumaa nikaona bora nife mara moja. Nikamwendea baba mkwe, nikampa shikamoo ya pili, nikamuuliza mashine iko wapi nianze kazi. Mzee karuka! Kasema ile mashine sitaigusa akiwa hai. Tangu wale mbuzi alishaweka mtu wa kumpulizia, na mimi alichoniitia ni kula na kulala tu, awaone wajukuu zake.

Miaka miwili namkimbia mtu ambaye naye ananikimbia! Nimejilaza mkekani, Athumani kifuani, nasikia anavyopumua. Sina shida na mtu.

Jumapili, 15 Juni

Nimejifunza. Naandika hapa ili isifutike: usipeleke watoto mahali bila kuwasikiliza wenyeji.

Sasa, Desemba. Shemeji kanitajia kisiwa kidogo mdomoni mwa mto Ruvuma. Mikoko ya kivuli, maji ya magotini, majani mafupi utadhani yamefyekwa, na njia pana imekanyagwa vizuri kutoka majini mpaka nchi kavu. Maana yake wageni wanafika. Watoto watafurahi mno!

Nimempigia Idrisa kwa simu ya Mwanahamisi kumuuliza kama Noah itakuwa imepona. Kasema njia ile ni ya viboko, wanapanda kila usiku kula majani yale. Kaapa kwa jina la mama yake. Kasema safari hii hana utani.

Viboko! Nimecheka mpaka baba mkwe katoka nje kuuliza kulikoni. Hawa Wamakonde Mungu kawapa kipaji. Mwanahamisi nimemwambia choo kipo.