Habari za Kola Mnyosha Mikunjo na Keki Iliyosimama Wima

Njooni, enyi nyote mliowahi kusimama mbele ya friji lililo wazi msijue mnatafuta nini. Sogeeni, zimeni simu zenu, niwasimulie vita vya Kola, dobi mashuhuri, Bwana wa Mvuke na Mnyosha Mikunjo, ambaye siku yake ya mapumziko alioka keki. Wako watakaosema keki ni jambo dogo. Hao hawajawahi kumsubiri mama mkwe.

Kwani ikawa mama mkwe wake, Mfunua Vifuniko, ametuma neno kwamba anakuja kunywa chai. Mama huyu alikuwa mtu wa heshima zake, wala hakuwa na ila isipokuwa moja: kila aingiapo nyumbani kwa binti yake haketi kabla ya kufungua friji, na baada ya friji sufuria, na baada ya sufuria pipa la taka. Safari iliyopita alikuta nyuma ya jagi la maji nyanya iliyoota manyoya. Hakugomba. Aliishika kwa ncha za vidole, akaiweka mezani mbele ya binti yake, kisha akaulizia hali za majirani. Alipoondoka, binti alijifungia chumbani akalia, uso kauzamisha kwenye mto, na Kola akasimama nje ya mlango, pasi mkononi. Alimpenda sana mkewe, na kilio kile hakukisahau tangu siku hiyo.

Basi mke alipokuwa akivaa viatu aende kumpokea mama yake stendi, wakafungua friji pamoja wakalitazama jeshi la mabaki: malimau yaliyoanza kukauka ganda, chungwa moja lililosahauliwa na ukoo wake, mayai ya mwisho kwenye trei, na kopo la mtindi lililofikia siku yake ya kuaga dunia. Kabatini mlikuwa na unga wa mwisho wa pakiti, na sukari iliyoshikana ikawa jabali. Kola akashauri vyote vitupwe.

"Utupe wapi? Pipa nalo analifunua," akasema mke. "Wewe oka keki. Kopo la mtindi ndilo kipimo: mtindi kopo moja, unga makopo matatu, sukari moja na nusu, mafuta nusu. Utaweza?"

Hapo Kola akatanua kifua, akanena: "Mke wangu, mikono hii imenyosha shela za maharusi na mashati ya mahakimu. Imekutana na doa la wino, na doa likasalimu amri. Leo niogope unga? Nenda kampokee mama. Ukirudi utakuta friji linaangaza patupu, na pipa halina la kutuaibisha."

"Haya. Usisahau kuwasha oveni mapema," akasema mke, akaenda zake.

Ndipo vita vikaanza. Malimau yalipambana kiume. Kola aliyaparuza ganda kwa kikwaruzo cha karoti hata damu ya kidole ikamwagika, na chungwa, likiona ndugu zake wanakwisha, likamrushia maji jichoni. Kipande cha ganda la yai kikatoroka ndani ya bakuli, akakifukuza kwa kijiko huku na huko hata kikasalimu amri. Sukari akaivunja kwa mchi. Akatia mafuta, akatia unga na beking pauda, na mwisho akalitwaa kopo frijini, akamimina kile kitu kizito cheupe kilichotulia. Akakoroga, akajaza bati la mkate, akafunga mlango wa oveni kama mtu afungaye lango la mji.

Sasa, wasikilizaji, hapana budi niwaambie jambo ambalo shujaa alilijua fika akalisahau. Katika nyumba ile hapakuwahi kutupwa kopo. La siagi lilikaa vifungo, la aiskrimu lilikaa maharage, na Kola mwenyewe, kila apikapo wanga wa kutilia kola za mashati, huumimina katika kopo la mtindi na kuuweka frijini usichache.

Kwa hiyo, alipokwenda kupiga pasi shati la mwisho la kazi ya jana, shati la hakimu, akalitoa frijini kopo lililobaki, alilodhani ni la wanga, akachovya kidole. Harufu ikamshtua. Akalamba. Akalamba tena, kama mtu anayekata rufaa, lakini hukumu ikawa ile ile: huo ulikuwa mtindi.

Simu ikalia. Mke akasema kwamba wako njia panda na mama anatembea haraka.

Kola akaketi chini jikoni, akaogopa kweli. Akiitupa keki, pipa litamshtaki. Akiuacha mtindi, friji litamshtaki. Ndipo akakumbuka kwamba wanga ni unga na maji tu, na kwa rehema kubwa ule haukuwa umetiwa buluu ya kung'arishia nguo bado. Akainuka, akalitoa bati, keki ingali rojo, akamwaga vyote bakulini, akatia mtindi na unga uliosalia na beking pauda nyingine, akairudisha keki vitani.

Mfunua Vifuniko akafika. Akafungua friji, taa ikamwangazia jagi la maji. Akafunua sufuria, zilikuwa zimepinduliwa zikauke. Akafunua pipa, maganda tu. Akasimama katikati ya jiko, mikono haina kazi, kisha, kwa mara ya kwanza katika nyumba ile, akaketi bila kuombwa.

Keki ilipoiva ikaletwa ikinukia limau. Kipande chake kilisimama wima sahanini. Mama akakisukuma kwa kidole, kikapinda, kikarudi. Akatafuna kwa muda mrefu. Mke naye akatafuna, akatua, akalitazama shati la hakimu lililotundikwa ukutani, kola imelala, akamtazama mumewe, akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Mkwe, keki za siku hizi zinavunjikavunjika," akasema mama. "Hii ina adabu. Umetia nini?"

"Kila kilichokuwemo, mama. Sikubakiza kitu."

Mama akaitikia kwa kichwa, akataka afungiwe vipande vya kwenda navyo. Wakamfungia katika kopo la mtindi. Hapo mke akanyanyuka ghafla, akajifungia chumbani, na kutoka ndani kukasikika sauti iliyozibwa na mto.

"Mwanangu analia nini?" akauliza mama.

Kola akaenda kusimama nje ya mlango ule ule, akasikiliza. Akarudi, akajimiminia chai, akanena tamko lililofunga vita vile.

"Halii, mama. Anacheka."

Basi na ikumbukwe na vizazi vyote kwamba siku ile friji lilikuwa tupu na pipa halikuwa na siri, na kwamba kesho yake hakimu aliingia mahakamani kola imemlegea shingoni, kwa sababu wanga wote ulikuwa umeliwa.