Vidole Viwili na Suti ya Shemeji

Jumapili, 3 Machi

Kilomita arobaini na mbili na kikundi. Nimefika wa tisa. Tulikuwa tisa.

Shemeji kafika wa kwanza. Huyu ni mdogo wake mke wangu: hana kitambi, hana haya. Nilipoingia alikuwa ameshamaliza soda yake, jasho limeshamkauka, anahadithia kona aliyoikata. Akaniambia pole. Sikuipenda ile pole.

Niweke wazi hapa, maana hapa hakuna wa kunikatiza: tatizo si miguu. Ni mikono. Tangu ninunue baiskeli hii ya mbio, ikifika kilomita ya kumi na tano kidole kidogo na jirani yake vinakufa ganzi. Mikono yote miwili. Ikifika thelathini sijui kama nimeshika breki au nimeshika hewa. Leo nimeteremka mlima mzima macho yakiwa mikononi, kuhakikisha bado ipo.

Shemeji anadai nimelala mno mbele, uzito wote unaangukia viganjani. Akanishauri niende kwa Mama Spoki, fundi wa baiskeli nyuma ya soko. Nikamjibu kwamba watu wa mbio ndivyo wanavyolala, na kwamba sikununua baiskeli ya mbio ili nikae wima kama mtu anayesubiri zamu yake benki. Kikundi kikacheka. Sina hakika kilikuwa upande wa nani.

Jumamosi Shemeji anaoa. Suti namshonea mimi. Rangi ya krimu, vifungo saba ukihesabu vya mikononi, na matundu ya vifungo nashona kwa mkono, hilo ndilo lililonipa jina mjini. Mama mkwe ameshawatangazia ndugu wote. Koti bado liko vipande vipande.

Ni jioni sasa. Kidole kidogo cha kulia hakijarudi kazini.

Jumatatu, 4 Machi

Nimepata ufumbuzi. Ni rahisi hadi nashangaa hakuna aliyeufikiria. Chuma kigumu, kiganja laini: weka kitu katikati.

Alfajiri nimekata sponji kwenye godoro la wageni (upande wa miguuni, hawatajua) nikauzungushia usukani wote, kisha nikaushonea kitambaa juu. Mshono safi kabisa. Nikatoka kujaribu.

Usukani ulikuwa umenenepa hadi vidole havikutani. Ili usiniponyoke ikabidi niubane kwa nguvu zote. Ganzi ikaja kilomita ya nane, mapema kuliko kawaida. Breki nikaziona lakini sikuzifikia. Nimeingia kwenye ua wa michongoma wa jirani wa kona, yule nesi mstaafu. Kanitoa miiba kumi na minne akinieleza habari za watu wa umri wangu. Nimemshukuru kwa ufupi.

Dukani: kutia uzi kwenye sindano, mara kumi na moja. Mteja alikuwa ananitazama. Nikamwambia sindano za siku hizi hazina tundu.

Mke wangu kasema niiache baiskeli hadi harusi ipite. Nimemwambia nitalifikiria. Nimelifikiria. Hapana.

Jumanne, 5 Machi

Kosa la jana: sponji ilikaa kwenye usukani. Inatakiwa ikae mkononi.

Nimejishonea glavu. Ngozi laini iliyobaki kwenye mkoba wa mteja mmoja, kitufe cha kubonyeza kwenye kifundo, na ndani, chini ya kiganja, pedi za mabega za koti. Pedi nzuri, nene, zimekunjwa mara mbili. Zilikuwa za mwisho dukani. Zilikuwa za koti la Shemeji, kusema kweli, lakini koti linazihitaji Ijumaa na mimi nilizihitaji leo.

Pedi zikanibonyeza palepale mshipa unapopita. Kilomita ya sita! Ganzi hadi kwenye kiwiko.

Na bahati yangu ilivyo, Shemeji akanipita kwenye daraja, anaendesha kwa mkono mmoja, mwingine kashika simu anaongea na watu wa mapambo. Akapunguza mwendo. Akaniuliza kama pambano la ndondi ni leo. Nikajitia sijasikia, nikakaza mwendo. Akaendelea kuwa kando yangu bila kukaza chochote, hadi alipomaliza kuongea na watu wa mapambo.

Pedi nimezitoa nikazianika dirishani. Zina harufu kidogo.

Jumatano, 6 Machi

Siku mbaya. Naandika yote.

Shemeji alikuja saa nne kujaribu koti. Nikamsimamisha mbele ya kioo, nikaanza kumbana pini begani. Nimebana watu pini miaka ishirini na sita. Kidole kidogo ndicho kinachokaa chini ya kitambaa, ndicho kinachoniambia ngozi ya mtu iko wapi. Leo hakikuniambia kitu. Shemeji akaruka. Nikamwomba radhi, nikabana nyingine. Akaruka tena. Ya tatu akaomba abane mwenyewe.

Alipoondoka nikakaa kushona ukingo wa mbele kwa mkono. Nimeshona kama robo saa, kazi inakwenda vizuri. Nikageuza koti niangalie. Damu. Kifuani, upande wa kulia, kwenye ile krimu. Doa la ukubwa wa kifungo cha shati. Nikadhani ni ya Shemeji. Kumbe sindano ilikuwa imepita kwenye kidole changu ikatokea upande wa pili, na mimi sina habari, naimba.

Maji baridi. Sabuni ya mche. Chumvi. Maji baridi tena. Limefifia, halijatoka.

Mke wangu akaingia na chakula cha mchana. Akalitazama koti, akanitazama mimi.

"Koti la mdogo wangu lina damu. Nani kaumia?"

"Sijui," nikasema.

Ndiyo kweli yenyewe. Lakini nilipoisema nikaogopa. Sina ufundi mwingine. Sijui kuendesha gari, sijui hesabu za ofisini, sura ya kuuza duka sina. Nina vidole kumi, na sasa sita tu ndivyo vinavyonijibu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda kwa Mama Spoki, shingo upande. Nimepitia njia ya nyuma ili kikundi kisinione. Nikamwambia baiskeli ni ya rafiki yangu, ana matatizo ya mikono.

Ni mama mfupi, mpole, mikono myeusi kwa grisi hadi viwikoni. Akaiegemeza baiskeli ukutani, akasema basi nimpandie huyo rafiki. Nikapanda. Akatembea kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kisha akanyoosha mkono akavua futi yangu shingoni. Nilikuwa nimesahau kuivua. Akaanza kunipima.

Niseme ukweli, sijawahi kupimwa. Miaka ishirini na sita napima watu, mapaja, viuno, mabega yaliyopinda ambayo wenyewe hawajui yamepinda. Hakuna aliyewahi kuniwekea futi. Kanipima mkono kutoka begani hadi kiganjani, akapima kutoka kitini hadi kwenye usukani, akanionyesha namba mbili. Zimepitana inchi nne.

Akaniuliza niliinunua kwa nani. Nikasema rafiki yangu aliinunua kwa mwalimu mmoja wa hesabu. Mrefu? Mrefu sana.

"Fundi mwenzangu," akasema, "mteja akikuletea koti la kaka yake mrefu, mikono inamfunika vidole, utamwambia ajikaze?"

"Nitampunguzia."

"Haya."

Kisha akaweka kipande cha mbao juu ya kiti. Mbao ikateleza ikaanguka mbele. Pua ya kiti imeinama inchi moja na nusu. Akaniuliza nani kakiinamisha. Nikageuka kutazama baiskeli nyingine. Ni mimi. Niliona picha ya mwendesha baiskeli mmoja wa mbio, nikaona inapendeza. Akanieleza kwamba kiti kikiinama, mtu anateleza mbele siku nzima, na kinachomzuia ni mikono. Usukani wangu nao uko chini mno. Mtu mwenye tumbo hili, alisema, halafu akajirekebisha: huyo rafiki yako.

Amekinyoosha kiti. Ameitoa shingo ya usukani, kile chuma kinachoushika, akaweka fupi na kuinyanyua juu. Akanipa masharti: viwiko vilegee, nisiubane usukani kama ninakamua nguo, nibadilishe mahali pa kushika kila baada ya dakika chache. Nisipande tena hadi vidole virudi. Visiporudi kwa wiki mbili, kwa daktari. Nikasema nitamfikishia.

Nimerudi nyumbani nikiiendesha, kilomita saba. Vile sita vilikuwa sawa, na vinne vyenye ganzi havikuzidi. Itakuwa ni kwa sababu hapakuwa na upepo.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya matundu ya vifungo. Vidole viko nusu. Nikigusa pamba najua ni kitu. Kitu gani, sijui.

Tundu la kwanza limepinda. La pili limepinda upande mwingine, kwa hiyo ukiyatazama kwa pamoja yamelingana. La tatu nikalifumua mara nne, kitambaa kikaanza kuchoka. Saa tisa nikaweka sindano mezani nikakaa tu. Nilikuwa na aibu. Nilikuwa nikisikia wateja wanaongea nje, nikawaza watakavyoongea kesho.

Mke wangu akatoka chumba cha nyuma. Akavuta kigoda, akalichukua koti mapajani mwake, akayafumua yote matatu, akaanza. Ufundi huu nilimfundisha mimi mwaka ule tulipooana, jioni mbili tu, halafu akapata kazi ya ukarani na sikumwona tena na sindano. Saba, kwa saa mbili na nusu. Madogo, yamekaza, yamelingana. Nimeyakagua kwa miwani nikitafuta kasoro. Moja tu, na nadhani ni kivuli.

Nikamwambia asante. Nilitaka kuongeza mengine, nikamwambia uzi alioutumia ulikuwa wa mwisho.

Doa: nimelifunika kwa mfuko. Koti la kiume huwa na mfuko mdogo wa kifuani kushoto. Hili sasa linao kulia pia. Pedi nimezirudisha mabegani na kuzipiga pasi yenye manukato.

Shemeji kaja jioni. Akavaa. Akauona mfuko, akaugusa. Akaviangalia vidole vyangu, vimefungwa plasta viwili. Nilikuwa nimeshaandaa maelezo kuhusu mitindo.

"Shemeji," akasema, "mikono hiyo ndiyo inanivalisha kesho. Ipumzishe basi."

Nimemkunjia koti, nikamfungia mlango, nikajifanya nafuta mashine.

Jumamosi, 9 Machi

Harusi imepita salama. Koti limekaa. Bwana harusi kapendeza, na mimi nasema hivyo ingawa ni yeye.

Mjomba wa bibi harusi akaniita pembeni kuuliza ule mfuko wa pili ni wa nini. Nikamwambia ni mtindo mpya, umenichukua muda mrefu kuufikiria. Kaagiza kizibao chenye mifuko hiyohiyo. Kabla ya picha za jamaa, wawili wengine wakaagiza. Kuhusu matundu ya vifungo pia nimesifiwa sana. Nimepokea sifa kwa unyenyekevu. Mke wangu alikuwa amesimama karibu, akanitazama muda kidogo, kisha akaenda kuongea na mama mkwe. Mama mkwe alimkumbatia mwanawe kwa muda mrefu, halafu akauliza nani kavaa manukato ya kike.

Lakini jambo la leo ni hili. Nilisimama kwenye mstari wa kupeana mikono. Watu zaidi ya mia. Na kila mkono nimeusikia. Mikavu, yenye jasho, yenye pete. Kidole kidogo, na mwenzake, vyote viwili. Mkono wa bibi mmoja mzee nimeushika mno hadi akaniuliza kama tunafahamiana. Nimefurahi mpaka machozi yakanitoka, na watu wakadhani ni kwa ajili ya maharusi.

Jumapili, 10 Machi

Vidole vizima. Nimekaa nikalitafakari suala hili kitaalamu, bila ushabiki.

Nani kaniponya? Mama Spoki atasema ni yeye. Lakini yeye kaishika baiskeli Alhamisi, na Alhamisi hiyohiyo mimi tayari nilikuwa na siku tatu za matibabu yangu. Glavu zile zilikuwa kali, ni kweli, lakini dawa kali ndiyo inayofanya kazi polepole. Naamini mshipa ulishtuka, ukajirekebisha. Shemeji naye atasema alisema. Hayupo, yuko na mke wake, hawezi kusema kitu.

Mwenzetu mmoja wa kikundi kanitumia picha aliyonipiga asubuhi tukijiandaa. Nimekaa wima. Kidevu juu. Inaonekana kama nasubiri kuitwa dirishani. Nikaona hapana. Mgonjwa akipona, huacha mkongojo.

Nikaazima spana palepale. Usukani nimeushusha hadi mwisho wake. Shingo ndefu ya zamani, aliyonirudishia Mama Spoki, ilikuwa bado kwenye begi, nikairudisha. Kiti nimekiinamisha inchi mbili, kwa sababu nimegundua kosa langu la mwanzo: ile moja na nusu ilikuwa haitoshi, haikuwa huku wala kule. Wenzangu walisubiri kwa adabu, kisha wakaacha kusubiri.

Kilomita thelathini na nane. Nimefika wa nane. Tulikuwa wanane, lakini wao walitangulia kuondoka.

Kesho naanza kizibao cha mjomba. Matundu kumi na mawili, yote kwa mkono, nimemwahidi.

Mwandiko wa leo umelala mno, na kalamu imeniponyoka mara nne tangu nianze ukurasa huu. Wanazitengeneza nyembamba mno siku hizi. Kesho nikipita dukani nitanunua nene.